Kanga ni ndege kabla ya kuwa vazi: asili na maana ya jina lake

Mleta uzi

Ndugu wapenzi wa lugha, nimekutana zaidi ya mara moja na maelezo kwamba ndege tunayemwita kanga alipewa jina hilo kutokana na vazi la kanga, kwa kuwa manyoya yake yenye madoadoa yanafanana na kitambaa kilichotiwa nakshi. Maelezo hayo yamegeuza habari kichwa chini miguu juu, na kwa kuwa yanaendelea kurudiwa hata na watu wanaokijua Kiswahili vizuri, naona inafaa tulichambue jina lenyewe kwa ushahidi wa lugha, ambao katika jambo hili ni mwingi.

Ndege ninayemzungumzia ni yule mwenye mwili wa kijivu kilichokolea uliotapakaa madoa madogo meupe, kichwa kisicho na manyoya chenye ngozi ya buluu na nyekundu, na kijipembe cha mfupa utosini. Hutembea kwa makundi akichakura chini, hupendelea kukimbia kuliko kuruka, na jioni hupanda mitini kulala. Ni ndege wa Afrika kwa asili, na watu wanaozungumza lugha za Kibantu wameishi naye siku zote. Ingekuwa ajabu kubwa kama wangekaa naye muda wote huo bila jina mpaka kitambaa cha dukani kije kuwapatia.

Tuanze na lugha ndugu. Kwa Kichewa ndege huyu ni *nkhanga*. Kwa Kishona ni *hanga*. Kwa Kisotho cha kusini ni *khaka*, na kwa Kitswana ni *kgaka*. Mtu anayesikia maneno hayo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba yanafanana kidogo tu, kwa bahati, lakini tofauti zilizopo kati yake zina kanuni, na kanuni hizo ndizo zinazothibitisha udugu wake.

Katika Kiswahili, majina ya ngeli ya kanga yalikuwa na kiambishi cha nazali, yaani sauti ya puani kama n au m, mwanzoni. Nazali hiyo imebaki mbele ya baadhi ya sauti na imedondoka mbele ya nyingine. Tunasema ubao, wingi mbao. Ulimi, wingi ndimi. Lakini ukuta, wingi wake ni kuta, si *nkuta*, na upande, wingi wake ni pande, si *mpande*. Tunasema nyumba ndogo, lakini nyumba kubwa, ilhali kisarufi sifa zote mbili zinastahili kiambishi kilekile. Mbele ya k na p nazali imetoweka kinywani mwetu. Kwa hiyo kanga, kuku na kuni yote yalianza na *nk-*, na Kichewa kimeihifadhi hali hiyo mpaka leo kikisema *nkhanga*, *nkhuku* na *nkhuni*.

Kishona kimepita njia nyingine. Penye *nk-* ya zamani, Kishona kina *h-*. Kuku ni *huku*, kuni ni *huni*, na kanga ni *hanga*. Maneno matatu yaliyotembea pamoja kwa hatua zilezile hayawezi kuwa yameokotwa kila moja mahali pake.

Kisotho ndicho kinachonifurahisha zaidi, kwa sababu *khaka* inaonekana kuwa mbali na kanga mpaka uitazame pamoja na maneno mengine. Mwanzoni mwa neno, *nk-* imekuwa *kh-*, ndiyo maana kuku ni *khoho*. Katikati ya neno, sauti yetu ya *ng* imekuwa *k*. Mganga wetu kwao ni *ngaka*. Basi weka mganga kando ya *ngaka*, kisha weka kanga kando ya *khaka*, utaona kwamba silabi ya mwisho imebadilika kwa namna ileile katika maneno yote mawili. Hiyo ndiyo alama ya neno la kurithi. Neno la kuazima juzi haliwezi kuwa limepitia mabadiliko yaliyotokea kale, lugha hizi zilipokuwa zikitengana.

Wataalamu wa Kibantu linganishi wameurejesha mzizi huo kuwa *-kanga*, wenye maana hiyohiyo ya ndege huyu. Yaani jina hili halifafanuliwi kwa neno jingine lililo ndani yake; maana yake ni ndege mwenyewe, kama vile maana ya kuni ni kuni. Vazi tunalolijua lilipata umbo lake na jina lake katika karne ya 19. Kati ya hayo mawili, mkubwa na mdogo wanajulikana.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa maelezo haya, hasa hiyo mifano ya kuta na pande, ambayo nimeitumia maisha yangu yote bila kujiuliza. Nina swali kuhusu tahajia. Sisi tuliokulia Mombasa tumezoea kuona neno hili likiandikwa *khanga*, kwa h baada ya k, na wapo wanaosema kwamba h hiyo ni ushahidi wa asili ya Kiarabu, kama ilivyo katika Alkhamisi au sheikh. Je, hoja hiyo ina uzito?

Mleta uzi

Haina, ndugu yangu, lakini ni vizuri umeileta, kwa sababu h hiyo inasema kinyume kabisa na wanachodai.

Katika Alkhamisi, herufi *kh* inawakilisha sauti moja ya Kiarabu inayokwaruza nyuma ya kinywa. Katika *khanga* ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, sauti ni k ya kawaida inayofuatwa na pumzi. Wenyeji wa lahaja za kaskazini hutofautisha kwa pumzi hiyo maneno ambayo tahajia sanifu huyaandika sawa. Mfano unaotajwa sana ni paa. Paa mnyama hutamkwa kwa pumzi, na paa la nyumba hutamkwa bila pumzi. Tofauti hiyo haikuja ovyo. Paa mnyama yumo katika ngeli iliyokuwa na nazali, na nazali ilipodondoka iliacha pumzi kama alama ya kuondoka kwake. Paa la nyumba halikuwa na nazali, kwa hiyo halina cha kuachiwa.

Ndivyo ilivyo kwa kanga. Pumzi ya Mmvita katika *khanga* ni kumbukumbu ya *nk-* iliyokuwapo zamani, na ndiyo pumzi ileile tunayoiona katika *nkhanga* ya Kichewa. Anayeitaja h hiyo kama hoja ya Uarabu anashikilia mkononi hoja bora kabisa ya Ubantu wa neno. Nakiri kwamba jambo hili hunigusa, maana tahajia sanifu imeamua kutoionyesha pumzi hiyo, na kwa sababu za urahisi uamuzi huo una mantiki, lakini umetuondolea machoni alama ambayo masikio ya wazee wa Mombasa na Lamu yameitunza kwa karne nyingi.

Mchangiaji wa pili

Mimi naikubali hoja ya ndege, ila sikubaliani na kwamba ndege ndiye aliyelizaa jina la vazi. Liko neno *kanga* katika Kilingala na Kikongo lenye maana ya kufunga, na vazi hili hufungwa mwilini. Kwa nini tusiseme kwamba kuna maneno mawili tofauti yaliyokutana kwa sauti, moja la ndege na moja la kufunga?

Mchangiaji wa tatu

Naomba nimjibu mchangiaji aliyetangulia, kwa kuwa historia ya vazi hili nimeifuatilia kwa muda.

Ni kweli kitenzi hicho kipo katika lugha hizo za magharibi. Lakini vazi lilipata jina lake Unguja na Mombasa, kinywani mwa wanawake waliokuwa wakizungumza Kiswahili, na katika Kiswahili mtu hakangi kanga. Hujifunga kanga, au hujitanda. Kama kitenzi cha kukanga kwa maana ya kufunga kingekuwa hai pwani kiasi cha kuzaa jina la vazi katika karne ya 19, tungetarajia kukikuta mahali pengine, katika kufunga mizigo, katika kufunga mbuzi, katika ushairi. Isitoshe, Kiswahili kinapotunga jina kutokana na kitenzi huwa kina desturi zake. Kutokana na kufunga tunapata kifungo na mfungo, kutokana na kutanda tunapata mtandio. Kanga, lililo tupu bila kiambishi wala mabadiliko ya mwisho, halifanani na maneno hayo.

Upande wa ndege una historia inayoeleweka. Kabla ya kanga kulikuwa na leso, na neno leso limetokana na Kireno *lenço*, kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso hizo zikiwa hazijakatwa, wakachukua sita, wakazigawa tatu tatu na kuziunga ubavu kwa ubavu, wakapata kitambaa kipana cha kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaona heri kitambaa kichapwe kikiwa kizima tangu mwanzo. Miongoni mwa nakshi za awali zilizopendwa ni madoa meupe madogo juu ya rangi iliyokolea, na aliyelitazama vazi hilo akamkumbuka ndege. Jina likashika, ingawa Mombasa na sehemu nyingi za pwani ya Kenya mpaka leo mtu hupenda kusema leso, ingawa atakuelewa vizuri ukisema kanga.

Nadhani kinachowafanya vijana wa leo wasiuone uhusiano huo ni kwamba nakshi zimebadilika. Kanga za sasa zina korosho, maua, mananasi, majengo na mengineyo, na madoa ya kale yamebaki kwa wachache. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887 na ambalo kanga zake hujulikana kwa maneno *Mali ya Abdulla*, limeona mabadiliko hayo yote. Pindo limebaki, mji, yaani sehemu ya katikati ya kitambaa, umebaki, jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini, lilianza kwa herufi za Kiarabu likahamia za Kirumi. Lakini ndege aliyetoa jina la vazi zima ameondoka katika kitambaa.

Inafaa pia tukumbuke kwamba vitambaa vingine vya zama hizo vilipewa majina kwa njia nyingine. Merikani kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Leso ililetwa na jina lake. Kanga ndicho kilichopewa jina na mtumiaji, kwa jicho lake, kutokana na kiumbe alichokijua. Naliona jambo hilo kuwa la heshima kubwa kwa wanawake wale.

Yako maelezo mengine yanayosema kwamba vazi liliitwa hivyo kwa sababu wanawake waliolivaa walipokutana walipiga kelele kama kundi la kanga. Sioni sababu ya kuyashika. Hayahitajiki, kwa kuwa madoa yanatosha kueleza kila kitu, na yananuka dharau ya mtu aliyekuwa akitazama kwa mbali.

Mchangiaji wa pili

Nimeelewa, na hoja ya kwamba hatukangi kanga bali tunajifunga imeniridhisha. Naondoa pingamizi langu.

Mchangiaji wa nne

Ningependa kuongeza upande wa majina ya ndege huyu katika lugha za mbali, kwa sababu ukilinganisha utaona jinsi jina letu lilivyo tofauti.

Sisi tunamwita kanga, basi. Wengine karibu wote walilazimika kumweleza, ama kwa kutaja mahali walikodhani ametoka, ama kwa kutaja sura yake. Warumi wa kale walimwita kuku wa Numidia, na Numidia ilikuwa nchi ya Afrika ya kaskazini, kwa sehemu kubwa Algeria ya leo. Waitalia humwita *faraona*, wakimhusisha na Firauni. Waingereza wamemwita kuku wa Guinea, na kwa Kireno anaitwa *galinha-d'angola*, kuku wa Angola. Wafaransa humwita *pintade*, neno lililotokana na Kireno lenye maana ya aliyepakwa rangi, na Wajerumani *Perlhuhn*, kuku wa lulu. Hao wawili wa mwisho waliyatazama madoa yaleyale waliyoyatazama wanawake wa pwani yetu, ila wao walikwenda kinyume. Wao walilichukua jina la kitu wakampa ndege, sisi tulilichukua jina la ndege tukakipa kitu.

Wagiriki nao walimwita *meleagris*, na walikuwa na hadithi ya kueleza jina hilo. Meleager, shujaa wao, alipokufa, dada zake walimlilia bila kukoma mpaka mungu wa kike Artemis akawageuza ndege, na machozi yao yakabaki kuwa madoa meupe juu ya manyoya. Ni hadithi ya huzuni.

Jina hilo la Kigiriki lilikuja kuleta mkanganyiko mkubwa. Bata mzinga ni ndege wa bara la Amerika, na Wahispania walimleta Ulaya kutoka Meksiko katika karne ya 16. Ulaya ilikuwa tayari imempokea kanga kupitia kwa wafanyabiashara, na ndege hao wawili wakachanganywa. Waingereza walikuwa wamempa kanga jina la nchi ya Uturuki, kwa kuwa alifika kwa njia ya biashara ya huko. Kisha jina hilo likahamia kwa bata mzinga na halijarudi. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa viumbe kutoka Uswidi, alipompa bata mzinga jina la kisayansi, alimwita *Meleagris gallopavo*, akichukua jina la Kigiriki la kanga na kuliunganisha na maneno ya Kilatini ya jogoo na tausi. Kanga mwenyewe leo ni *Numida meleagris*. Amebakiwa na machozi ya dada zake katika sehemu ya pili ya jina tu, na sehemu ya kwanza ni ile Numidia ya Warumi.

Bata mzinga naye ametembezwa ulimwenguni kwa majina ya nchi zisizo zake. Waturuki humwita *hindi*, wakimdhania wa India. Waholanzi humwita *kalkoen*, kutokana na Calicut, mji wa pwani ya India. Wamisri humwita *dik rumi*, jogoo wa Kirumi. Wareno humwita *peru*, kwa jina la nchi ya Peru, na kutoka kwao sisi tulipata piru, neno ambalo bado limo kamusini ingawa wengi sasa husema bata mzinga. Hata bata lenyewe ni neno tulilolipata kwa Waarabu, wanaosema *batt*.

Ndege mmoja ana jina la kurithi lisilohitaji kufasiriwa, na jirani yake wa bandani ana jina la kuunganisha vipande. Ukiwaweka pamoja unaona mara moja nani mwenyeji na nani aliyeletwa na meli.

Mchangiaji wa tano

Naomba niulize kwa ufupi. Je, haiwezekani kwamba kanga ni mwigo tu wa sauti ya ndege, kama watu wanavyosema kuhusu majina mengi ya ndege? Kama ni hivyo, kufanana kwa Kichewa, Kishona na Kiswahili hakutaonyesha chochote, kwa sababu kila kabila lingemsikia ndege yuleyule na kutunga jina linalokaribiana.

Mleta uzi

Swali hili ni zito na linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu mwigo wa sauti ndio mtego mkubwa katika uchunguzi wa majina ya ndege.

Jina la kuiga hutungwa upya kila mahali, kwa hiyo hufuata sikio wala halifuati kanuni za mabadiliko ya lugha. Kama Wasotho wangemwita ndege huyu kwa kuiga sauti yake, hakuna sababu ya jina lao kutofautiana na letu kwa mabadiliko yaleyale yaliyoyakuta maneno mganga na kuku. Ndege halii *khaka* kusini na *hanga* Zimbabwe. Kilichobadilika ni vinywa vya watu, navyo vilibadilika kwa utaratibu, vikilichukua jina hili pamoja na majina ya vitu visivyolia kabisa, kama kuni.

Na si kila lugha ya Kibantu inayo jina hili. Wazulu na Waxhosa humwita *impangele*, jina la mzizi mwingine. Wanamsikia ndege yuleyule akilia kwa sauti ileile. Kama sauti ndiyo ingekuwa ikiamua, nao wangekuwa na kanga.

Ushahidi wa mwisho uko ng'ambo ya bahari, na naona ndio mzuri kuliko wote. Kimalagasi si lugha ya Kibantu. Ukoo wake unatoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, na maneno yake ya msingi yanafanana na ya huko. Lakini walipofika Madagaska na kukutana na watu wa Afrika, Wamalagasi waliazima majina ya wanyama wa nyumbani. Mbwa kwao ni *amboa*. Ng'ombe ni *omby*. Kuku ni *akoho*. Na kanga ni *akanga*. Jina limevuka mlango wa bahari wa Msumbiji likiwa zima, likaingia katika lugha isiyo na udugu wowote na yetu, likiwa limefuatana na kuku, mbwa na ng'ombe kama jina la kiumbe chenye manyoya na madoa.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwenye *akanga* nimefarijika sana. Je, methali ya *kanga hazai ugenini* inamhusu ndege au ni fumbo juu ya vazi? Nimewahi kusikia ikifasiriwa kwa namna zote mbili.

Mleta uzi

Inamhusu ndege, na sarufi yenyewe ndiyo inayosema. Kanga ndege huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: kanga huyu, kanga hawa. Kanga vazi huchukua upatanisho wa vitu: kanga hii, kanga hizi. *Hazai* ni yeye asiyezaa. Kwa vazi tungesema *haizai*, na vazi halizai popote.

Anayemfuga ndege huyu anaijua sababu ya methali hiyo. Kuku atatagia hata kapuni ukimtayarishia, lakini kanga jike, hata akiwa amezoea uwanja wa nyumba, hujitenga kwa siri akatafuta nyasi ndefu au kichaka alichokichagua mwenyewe, na mayai yake utayapata kwa kumvizia. Akihamishiwa mahali pageni huwa na wasiwasi zaidi. Wahenga walimwona, wakamsemea mgeni asiyeweza kujiachia mbali na kwao.

Kuhusu aina nyingine, nitaongeza hili kwa waliouliza pembeni. Yule mwenye kishungi cha manyoya meusi kichwani badala ya pembe, anayependelea misitu minene, Kiswahili kinamwita kororo. Hakuitwa kanga mwenye kishungi. Ana jina lake kamili. Wazee walimpa kila mmoja jina lake, na hawakumchanganya huyu na yule.